Kona Arobaini na Nane

Jumamosi moja tu kwa mwaka, kiangazi kinapoaga,
askari wa hifadhi hushusha kizuizi barabarani.
Magari, pikipiki, mabasi ya watalii,
yote hubaki bondeni Prad yameinamisha taa,
na mlima huachiwa wenye mapaja.

Nilitoka alfajiri.
Miaka sitini na minne, goti la kushoto bovu,
baiskeli ya kuazima kwa binti yangu,
kiti chake kigumu kama toba.
Mkobani mkate wa shayiri, kipande cha jibini,
na glavu za Gebhard.

Gebhard aliendesha basi la posta
barabara hii hii, miaka thelathini na mmoja.
Kila kona ina jiwe, kila jiwe lina namba:
arobaini na nane huku chini, moja kule juu.
Kila kona alipiga honi, sauti tatu zinazopanda,
na mimi jikoni nilijua
supu niiweke motoni saa ngapi.
Ndoa yetu niliisikia kuliko nilivyoiona.

Arobaini na sita, pumzi ikanidai.
Arobaini, misonobari ikanionea huruma ya kivuli.
Kijana mmoja, miguu imenyolewa ikang'aa,
akanipita akinisalimu kwa Kitaliano,
nikamjibu kwa Kijerumani,
mlima ukatuelewa sote.

Sikujua kwamba chini ya lami mna maji.
Miaka yote yalikuwa yakisema
na injini zikiyakatiza.
Sikujua kwamba ukuta wa mawe hulia
jua la kwanza likiugusa: tik, halafu tik.
Kengele za ng'ombe zilinifikia kutoka bonde la pili,
na juu ya mstari mweupe, katikati ya barabara,
wanyama wanono, mfano wa pimbi,
walikuwa wamekaa kama wenye hati ya kiwanja.
Mmoja akapiga mluzi.
Hakuogopa. Aliuliza tu: wewe nani?

Kona ya ishirini na mbili nilishuka.
Si kwa ajili ya goti.
Haya, na goti pia.
Hapa ndipo, Oktoba ile, alipoegesha basi
lenye abiria tisa, akavuta breki ya mkono,
akazima injini,
akalaza kichwa juu ya usukani
kama mtu anayesikiliza.
Hakuna abiria aliyeumia hata ukucha.
Walikuja kunipa pole, kofia mikononi:
"Kulikuwa kimya, Walburga. Kimya sana."

Miaka saba nimekichukia kimya hicho.
Nilikiwazia kama chumba kitupu,
yeye ndani, na mlango umefungwa kwa nje.

Leo nimesimama humo humo, nimeshika usukani mwembamba,
na chumba kimejaa.
Maji. Mawe. Kengele. Mluzi.
Barafu ya kileleni inajinyoosha viungo.
Kama haya ndiyo aliyoyasikia mwisho
basi hakuachwa peke yake,
na mimi nimekuwa nikilia mlango usio wake.

Nikavaa glavu. Zilinipwaya. Nikapanda.

Kona zilizobaki sitazisimulia.
Nyingine niliisukuma baiskeli kama mbuzi mkaidi,
na atakayesema alizipanda zote bila kushuka,
mwombeni mashahidi.
Juu kabisa, Filomena muuza soseji akapaaza sauti:
"Burgl! Umefikaje?"
Nikasema: kidogo kidogo, kama deni.

Kisha kushuka.
Upepo ukaniingia mikononi, machozi ya baridi tu,
msinitazame hivyo.
Kona ya kwanza hapakuwa na wa kuonywa,
hakuna gari, hakuna lori,
lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe
nikapiga honi: sauti tatu zinazopanda.
Waliokuwa mbele wakacheka, wakanipisha.
Ya pili nikapiga. Ya tatu. Ya kumi.
Koo likakauka, mlima ukinirudishia.

Ishirini na mbili nikapita kimya.
Magurudumu tu.